Modeli ya sinapsi ya shilingi 185,000: nzuri, ila gundi imezidi

Mwezi wa Februari nilinunua modeli ya sinapsi ya ubongo, yaani pale seli moja ya ubongo inapopeleka ujumbe kwa nyingine, kutoka duka moja la vifaa vya skuli mjini Unguja kwa bei ya shilingi 185,000, na tangu hapo nimeitumia kuwafundisha wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita katika skuli yetu hapa Chake Chake. Naandika tathmini hii kwa ajili ya walimu wenzangu wa baiolojia, wa Unguja na wa Pemba, kwa sababu mimi nilipokuwa naitafuta sikupata hata mstari mmoja wa Kiswahili unaoeleza sanduku lile lina nini ndani yake. Hukumu yangu naitanguliza: kifaa kinafaa kununuliwa, lakini aliyekitengeneza ametia gundi mahali pasipohitaji gundi, na gundi hiyo si kasoro ya ufundi tu bali ni kosa la somo lenyewe.

Duka silitaji jina, maana nia yangu ni kupima kifaa. Muuzaji alinipokea kwa adabu, akanifungulia sanduku nikaliona kwa macho yangu, akaniandikia risiti. Nililipakia kwenye boti ya Pemba, likateremka Mkoani likiwa zima, isipokuwa taa mbili kati ya 12 ambazo ziligoma kuwaka.

Ndani mna ubao mweupe wa plastiki wenye urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 40, na juu yake vipande viwili vya plastiki ngumu vinavyotazamana. Cha juu ni ncha ya aksoni, yaani mwisho wa seli inayotuma ujumbe. Cha chini ni kinundu cha dendraiti, ambapo seli ya pili hupokea. Kati yao pameachwa mwanya. Ncha ya juu imejaa vipira vyekundu vinavyofunguka katikati, navyo ndivyo vifuko vya glutamati, kemikali inayochukua ujumbe katika sinapsi nyingi za ubongo zenye kazi ya kuchochea. Upande wa chini umepangwa vipokezi 18, kila kimoja bomba fupi la rangi lenye tundu, na hivi ndivyo milango ya ioni inayofunguka glutamati ikigusa. Ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, ni shanga: za bluu ni sodiamu, za manjano potasiamu, za kijani kalsiamu, nyeusi magnesiamu. Kuna kisanduku cha betri, vitufe vitatu, na kijitabu cha kurasa 24 kilichoandikwa kwa Kiswahili safi, jambo ambalo peke yake lilinifanya nitoe pesa bila ya kupatana sana.

Siku ya kwanza nilichukua rula. Nawashauri wenzangu wafanye hivyo kwa kila modeli wanayouziwa, kwa sababu rangi na taa huwa zinafunika mengi. Katika ubongo, kifuko kimoja kina kipenyo cha nanomita 40 hivi, na mwanya wa sinapsi una upana wa nanomita 20 hivi; kwa hiyo mwanya ni nusu tu ya upana wa kifuko. Katika modeli hii kipira kina sentimita 2 na mwanya una sentimita 7. Ungetakiwa uwe na sentimita 1. Mtu anaweza kusema kwamba mwanya umepanuliwa ili mikono ya wanafunzi ipite, na hilo nalielewa, lakini kijitabu kilipaswa kuonya, kwa kuwa udogo wa mwanya ndio unaoifanya sinapsi iwe ya haraka. Molekuli za glutamati haziogelei kwenda ng'ambo. Hutapakaa tu kwa kugongana na maji, na muda wa kutapakaa huongezeka kwa kipeo cha pili cha umbali. Ukiuzidisha umbali mara 7, muda unazidi mara 49. Nanomita 20 huvukwa ndani ya mikrosekunde moja au chache, na hapo ndipo wanafunzi wangu walipoanza kuuheshimu ufa ule mwembamba.

Kwa ajili ya hesabu hiyo hiyo tulikubaliana kwamba milimita 1 darasani iwe nanomita 1 katika ubongo, yaani tukuze mara milioni moja. Kwa kipimo hicho neva yenye urefu wa mita 1, kama ile itokayo kiunoni mpaka mguuni, ingekuwa na kilomita 1,000, na utando wa seli unaoizunguka ungekuwa na unene wa milimita 5 tu. Kijana mmoja alikaa kimya, kisha akauliza umeme unapitaje safari ya namna hiyo bila ya kuchoka. Jibu ni kwamba hausafiri kama umeme wa waya. Njia nzima imejaa milango ya sodiamu, kila mmoja ukifungua unaubisha ulio jirani, na jambo hilo Alan Hodgkin na Andrew Huxley walilieleza kwa hesabu mwaka 1952 baada ya kuipima neva nene ya ngisi. Modeli ina kizibo chekundu cha kuonyesha sumu inayoziba milango hii, nacho kijitabu kinakiita sumu ya samaki bila ya kumtaja samaki mwenyewe. Nikawaambia ni bunju. Hapakuhitajika maelezo zaidi, kwa sababu kila mtoto wa pwani ameshakatazwa kumla.

Sasa niingie kwenye milango yenyewe, nianze na yale yaliyofanywa vizuri.

Mpango wa ncha ya aksoni unaeleweka. Ukibonyeza kitufe cha kwanza, taa zinakimbia kwenye aksoni, zikifika mwisho milango minne ya kijani inafunguka na shanga za kalsiamu zinateremka ndani. Hapo kipira kimoja kinafunguka na kumwaga glutamati mwanyani. Utaratibu huo ni sahihi: kalsiamu iliyo nje ya seli ni nyingi kuliko iliyo ndani kwa kiasi cha mara 10,000, kwa hiyo mlango ukiachia kidogo tu inamiminika, na protini zilizokishika kifuko kwenye utando zinakiunganisha na utando huo ndani ya muda usiofika milisekunde moja. Dosari ni kwamba milango ya kalsiamu imewekwa pembeni kabisa, sentimita 11 kutoka kifuko kilicho karibu. Katika seli halisi milango hiyo huwa karibu sana na vifuko, mara nyingi ndani ya makumi machache ya nanomita, kwa sababu kalsiamu ikishaingia hudakwa upesi na protini nyingine, na wingi wake hupungua kwa kila hatua inayosogea. Kwa kipimo chetu ilipaswa iwe sentimita chache tu, si mbali kiasi kile.

Kipande kilicho bora kuliko vyote, na ambacho kwangu kinalipa nusu ya bei, ni mlango wa NMDA, aina mojawapo ya vipokezi vya glutamati. Ipo miwili tu kati ya vile vipokezi 18, ina rangi ya zambarau, na kila mmoja una kizibo cheusi kilichoning'inizwa kwa waya mwembamba ndani ya tundu lake. Kizibo hicho ni ioni ya magnesiamu. Ukiweka shanga ya glutamati kwenye kikombe cha mlango, kifuniko kinazunguka kwa mlio mdogo na mlango unafunguka, lakini hakipiti kitu, kwa sababu kizibo bado kimekaa kooni. Inabidi kwanza milango ya jirani, ile ya AMPA, aina nyingine ya vipokezi vya glutamati, yenye rangi ya chungwa, ipitishe shanga za bluu za kutosha; zikijaa, kibao cha chini kinalemewa, sumaku ya umeme inashika, na kizibo kinaruka juu. Hapo ndipo shanga za kijani zinapoporomoka. Nimeurudia mchezo huu zaidi ya mara 30 na bado wanafunzi wanasogeza vichwa mpaka wanaziziba taa.

Kwa hakika ndivyo ilivyo. Seli ikiwa imetulia, ndani yake huwa na volteji ya kiasi cha milivolti 70 chini ya sifuri ikilinganishwa na nje, na hali hiyo huivuta magnesiamu, yenye chaji chanya, iingie tunduni na kukwama. Volteji ikipanda, kile kilichokuwa kikiivuta kinalegea, nayo inatoka. Makundi mawili ya watafiti yaliligundua jambo hili mwaka 1984, kila moja kwa upande wake. Maana yake ni kubwa: mlango wa NMDA haufunguki kwa kuletewa ujumbe peke yake, wala kwa seli kuchangamka peke yake, bali kwa mambo hayo mawili kukutana kwa wakati mmoja. Mwanafunzi mmoja kutoka Wete alisema ni kama kasha la mirathi ambalo ndugu wawili wamepewa kila mmoja ufunguo wake, halifunguki mpaka wakae pamoja. Nimeuchukua mfano wake na nitautumia mpaka nistaafu, ingawa inabidi niongeze kwamba funguo ni tatu, kwa sababu mlango huo unataka pia kemikali nyingine, glaisini, au ndugu yake serini ya aina ya D, na kijitabu kimelisahau hilo kabisa.

Umbo la milango halikunifurahisha. Mtengenezaji ameitoa yote katika kalibu moja, kila mlango ukiwa na vipande vitano vilivyozunguka tundu. Vipande vitano ni sawa kwa kipokezi cha kemikali nyingine, GABA, cha aina ya A, kinachopitisha kloridi na kuituliza seli, na kwa kipokezi cha glaisini. Lakini AMPA na NMDA ni vipande vinne. Nilitoa mfukoni karafuu kavu nikaigawa darasani, kila mmoja yake, nikawaomba waitazame kutoka juu: meno manne yamekizunguka kichwa. Hapa Pemba mtoto amezichambua karafuu tangu hajajua kusoma, na bado wengi walikiri kwamba hawakuwahi kuyahesabu meno yale. Tangu siku hiyo hakuna aliyekosea idadi ya vipande vya AMPA katika mtihani wangu.

Nije kwenye gundi. Vipokezi vyote 18 vimegandishwa. Ukurasa wa 17 wa kijitabu unashikilia kwamba milango ya ioni imejengwa mahali pake kwenye utando mithili ya madirisha katika ukuta wa nyumba, na kwamba kazi yake yote ni kufunguka na kufunga. Nilikuwa nimeshausoma ukurasa huo mbele ya darasa, nami nikiwa sijaona tatizo, aliponyoosha mkono msichana mmoja wa kidato cha sita, ambaye kwa kawaida hukaa nyuma na huzungumza kwa nadra.

“Maalim, kama milango haiondoki wala haiongezeki, basi mtu akijifunza jambo jipya kinachobadilika ni nini?”

Nilimjibu kwamba nitamletea jawabu wiki ijayo, nikatumia siku zile kusoma. Jawabu ni kwamba milango inatembea. Utando wa seli si ukuta. Ni tabaka jembamba la mafuta, na protini zilizomo ndani yake huelea na kuteleza huku na huko kwa joto la mwili tu. Mwaka 2002 Borgdorff na Daniel Choquet, wakiwa Bordeaux nchini Ufaransa, walichapisha matokeo ya kazi ambayo walivibandika vipokezi vya AMPA vijipira vidogo vya mpira na kuvifuatilia kwa hadubini kwenye seli za ubongo zilizo hai. Vilikuwa vikitangatanga, vikitulia, kisha vikiondoka tena. Na kalsiamu ilipopanda ndani ya seli, vikasimama na kukusanyika. Mwaka uliofuata kundi la Paris, ambamo alikuwemo Antoine Triller, lilitumia chembe ndogo zaidi zinazong'aa kufuatilia kipokezi kimoja kimoja cha glaisini kikiingia kwenye sinapsi na kutoka. Baadaye ikaonekana kwamba hata milango ya kalsiamu iliyo upande wa pili, kwenye ncha ya aksoni, nayo haikutulia.

Kwa sisi tuliokulia karibu na gati, picha ya jambo hili haiko mbali. Tazama bandari ya Wete wakati maji yamejaa. Ngalawa zilizotia nanga hazikusimama kama nguzo. Zinazunguka kwenye kamba zao, zinasogea, nyingine nanga inang'oka zikachukuliwa na mkondo mpaka zikaingia mahali pengine. Ukihesabu saa mbili na ukihesabu tena saa nne unaweza kupata idadi ile ile, lakini si vyombo vile vile. Sinapsi ndivyo ilivyo. Katika seli zilizokuzwa maabara, takriban nusu ya vipokezi vya AMPA vilivyomo kwenye sinapsi kwa wakati wowote huwa vinatembea. Nanga yao ni protini iitwayo PSD-95, iliyojazana chini ya utando mkabala na mahali ambapo glutamati humwagwa, na kamba inayokifunga kipokezi kwenye nanga hiyo ni protini nyingine ndogo, stagazini. Kalsiamu ikiingia kwa mlango wa NMDA, inaamsha kimeng'enya kiitwacho CaMKII, kimeng'enya hicho kinaitia stagazini chaji mpya, na stagazini inaishika PSD-95 kwa nguvu zaidi. Vipokezi vilivyokuwa vinapita njia vinakamatwa. Sinapsi inapata milango mingi zaidi, na ujumbe ule ule wa jana leo unasikika kwa sauti kubwa. Vipokezi vipya navyo mara nyingi huingizwa kwenye utando pembeni mwa sinapsi, kama vile chombo kinavyoundwa ufukweni na kushushwa majini mbali na gati, kisha kikafika chenyewe.

Kutembea huko kuna faida nyingine ambayo sikuitarajia. Kipokezi cha AMPA kikishapigwa na glutamati huchoka: hukaa kimefunga kwa makumi au mamia ya milisekunde hata kama glutamati ipo. Ujumbe wa pili ukija upesi ungekuta milango imezirai. Utafiti uliotoka mwaka 2008, pia kutoka Bordeaux, ulionyesha kwamba vipokezi vilivyochoka vinateleza kando na vibichi vinaingia mahali pao ndani ya muda mfupi sana, na watafiti walipovifunga vipokezi pamoja visiweze kusogea, jibu la ujumbe wa pili likadhoofika.

Na sasa lile ambalo kwangu ndilo linaloihukumu modeli hii. Mwaka 2017 kundi la Choquet lilitoa matokeo ya kazi iliyofanywa kwa panya. Waliwatia kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, zinazovishika vipokezi vya AMPA kutoka nje na kuvifunga viwili viwili, bila ya kuvizuia kufunguka wala kufunga. Ujumbe wa kawaida uliendelea kupita. Kilichokatika ni kule kuimarika kwa sinapsi kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ambako Timothy Bliss na Terje Lømo walikuwa wamekueleza mwaka 1973, na panya wale wakashindwa kujifunza vizuri kukihofia chumba walimopatiwa mshtuko. Kwa maneno mengine, jaribio la kuwatia panya gundi lilishafanywa, na matokeo yake ni mnyama anayeona, anayesikia, anayetembea, ila hashiki somo. Mtengenezaji wa modeli yangu ameuza ubongo wa namna hiyo hiyo kwa ajili ya kusomeshea.

Jambo hili si la panya tu. Upo ugonjwa wa ubongo ulioelezwa mwaka 2007 na Josep Dalmau na wenzake, ambao mwili wenyewe hutengeneza kingamwili dhidi ya vipokezi vya NMDA, zikavifunga pamoja na kuviondosha kwenye utando. Mgonjwa, mara nyingi mwanamke kijana, huanza kwa kuchanganyikiwa na kuona yasiyokuwepo, kisha hupata degedege, na wengi hupona wakiwahiwa kwa matibabu ya kuituliza kinga ya mwili. Nilipolieleza darasa likatulia, na naamini kila mmoja alimkumbuka mtu. Sikuongeza neno.

Nilivyoirekebisha modeli ni kama ifuatavyo. Vipokezi nilivibandua kwa wembe na maji ya moto. 11 vilitoka salama, viwili vilivunjika, na vitano nimeviacha kwa sababu plastiki ya chini ilianza kupasuka. Tafadhali msitumie petroli wala tina, zinayeyusha ubao. Lakini kubandua hakukutosha, kwa sababu vipokezi vilivyolala tu juu ya plastiki navyo havitembei. Nikaenda kwa fundi redio mmoja wa mtaani, mtu mzima.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba maalim. Leo redio gani imekushinda?”

“Sina redio, mzee wangu. Nataka sumaku ya spika iliyokufa.”

Akanipa mbili, akakataa pesa, akataka tu aelezwe zinakwenda kufanya nini. Nilipomweleza akasema kwamba basi hata akili nayo ina sumaku yake, jambo ambalo si sahihi sana, lakini sikutaka kubishana na mtu aliyenipa bure.

Nyumbani nilichukua sinia pana la alumini, nikamimina mafuta ya nazi kiasi cha kina cha sentimita moja, nikaelekeza vifuniko 20 vya chupa za soda vitako chini, midomo juu, vikaelea kama madau. Chini ya sinia, katikati, niliweka sumaku. Alumini haishikwi na sumaku, ila bati la vifuniko linashikwa. Kabla ya kuweka sumaku tulichora duara la sentimita 15 kwa kalamu nzito chini ya sinia ndani, nalo ndilo sinapsi. Tukawa tunaitikisa meza taratibu na kuhesabu vifuniko vilivyomo ndani ya duara kila nusu dakika. Vilikuwa vitatu, vinne, viwili, vinne, na kila mara si vile vile, maana tulivipa namba. Sumaku ilipowekwa vikafika tisa, na vitano kati ya hivyo havikutoka tena. Yule msichana wa nyuma ndiye aliyekuwa akiandika hesabu ubaoni.

Kifaa changu nacho kina uongo wake, na ni haki niuseme kama nilivyousema wa wenzangu. Ndani ya seli hakuna anayeitikisa meza. Ni joto la molekuli zenyewe zinazogongana. Tena sumaku huvuta kutoka mbali, ilhali PSD-95 haivuti kitu. Hudaka tu kile kilichopita na kugusana nayo.

Mafuta ya nazi yalinipa somo la ziada ambalo sikulipanga. Asubuhi moja ya kipupwe, mwezi wa Julai, nilikuta mafuta yameanza kuganda sinia zima, na vifuniko vimekwama kama madau yaliyoachwa kwenye matope maji yalipokupwa. Mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzijoto 24 au 25. Wanafunzi wakataka kujua kwa nini utando wa seli haugandi. Sababu ni kwamba unafanya kazi kwenye nyuzijoto 37, na kwamba umechanganyika mafuta ya namna nyingi, mengi yakiwa na minyororo iliyopinda isiyoweza kupangika vizuri mpaka ikaganda. Tulilianika sinia juani dakika 20, vifuniko vikaanza kutembea kimoja baada ya kingine, vile vya pembezoni kwanza, na hakuna mchoro wowote wa kijitabu uliowahi kuwafahamisha maana ya utando wa majimaji kama dakika zile.

Mengine nayapitia kwa haraka. Pampu ya sodiamu na potasiamu imeelezwa vizuri, sodiamu tatu nje na potasiamu mbili ndani, ingawa haikutajwa ni kwa nini ubongo wenye kiasi cha asilimia 2 ya uzito wa mwili unakula kiasi cha asilimia 20 ya nishati yake. Seli za glia, ambazo huifyonza glutamati iliyobaki mwanyani, hazipo kabisa. Shanga zilizomwagika inabidi mwalimu aziokote kwa mkono, kwa hiyo nimempa kazi hiyo mwanafunzi mmoja na tukambandika jina la Glia, nalo limemganda. Betri hazimo sandukuni, zinatakiwa nne. Shanga ni nyepesi mno na pepo za kusi zikivuma funga madirisha.

Kuhusu huduma ya duka, nilipiga simu kueleza habari ya taa mbili, wakaniletea nyingine kwa boti ya wiki iliyofuata bila ya malipo. Nilipoeleza habari ya gundi, muuzaji alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Maalim, sisi tunauza tu, hatutengenezi,” na hilo ni kweli. Hata hivyo niliomba malalamiko yangu yafikishwe kwa anayewaletea bidhaa, na niliandika nusu ukurasa nikapendekeza mambo mawili: vipokezi viwe na kitako cha kuteleza kwenye mfereji, na ukurasa wa 17 uandikwe upya. Bado sijajibiwa.

Kwa skuli yenye kidato cha tano na cha sita, naishauri inunue, hasa kwa ajili ya ule mlango wa zambarau na kizibo chake. Kwa skuli zinazoishia kidato cha nne bei ni kubwa mno kwa sura moja ya kitabu. Sinia, vifuniko na sumaku vitawatosha. Anayetaka kuliona sinia letu aje kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu ni la mke wangu, linatakiwa kwa shughuli ya harusi ya mdogo wake, na ameshaniuliza mara mbili ile duara ya wino itatoka kwa nini.